Taarifa za Wageni Karatu na Ngorongoro: Kutoka Redio Kol hadi Barua Pepe

Utalii wa Karatu na Ngorongoro umeendeshwa kwa taarifa za watu tangu Eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959. Mwenye loji hutaka jina la mgeni, siku ya kufika na chakula asichokula. Getini huulizwa uraia, kwa kuwa kiingilio cha mgeni kutoka nje si sawa na cha Mtanzania.

Kabla ya intaneti, habari hizo zilisafiri kwa barua, simu ya maandishi na redio kol. Karani wa posta aliisoma simu ya maandishi neno kwa neno, na jina lililotajwa redioni lilisikiwa na kila dereva aliyefungua masafa hayohayo. Kila mtu alijua kuwa anasikika, kwa hiyo alisema machache.

Barua pepe iliondoa tahadhari hiyo. Kila ujumbe huwa na kichwa ambacho msomaji wa kawaida hakioni, na humo seva huandika njia uliyopita na saa ulipofika. Baadhi ya programu ziliongeza jina na toleo lake, hata anwani ya mtandao ya kompyuta iliyotumika. Hotmail, iliyoanza mwaka 1996, kwa miaka mingi iliweka anwani hiyo wazi. Gmail, ya mwaka 2004, haikuionyesha kwa ujumbe uliotumwa kupitia kivinjari. Anwani ya namna hiyo hutaja kampuni ya intaneti na eneo kwa kukisia, haifiki mlangoni mwa mtu. Kwa kempu iliyotumia setilaiti ingeweza hata kumpeleka mdadisi Ulaya.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwenye mambo ya kawaida kabisa. Ofisa anayewaandikia wageni wa makundi mbalimbali na kujaza anwani zote katika sehemu ya nakala, badala ya nakala fiche, humfichulia kila mmoja wateja wengine. Programu inayomalizia jina baada ya herufi mbili inaweza kupeleka picha ya pasipoti kwa mtu mwingine. Tena picha hiyo hubaki katika visanduku vya wakala wa safari, kampuni ya utalii ya Arusha na hoteli ya Karatu miaka mingi baada ya mgeni kurudi kwao.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ilikwishatambua faragha ya mawasiliano, lakini sheria mahususi ilichelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ikaunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Wanaokusanya na kuchakata taarifa hutakiwa kujisajili, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Sharti hilo la mwisho linaigusa Karatu moja kwa moja: kampuni nyingi hupokea maombi ya wageni kupitia mawakala wa Ulaya na Marekani, na visanduku vyao vya barua huhifadhiwa kwenye seva zilizo ng'ambo.