Dende: kumzoesha kwa watu

Dende (Cavia porcellus) ni mnyama mdogo mgugunaji anayefugwa katika nyumba nyingi za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya nyama, kipato na, hasa kwa watoto, urafiki. Mjini Goma huitwa pia kobayi. Nchini Tanzania hujulikana kama simbilisi. Ni mpole na ni nadra kung'ata, lakini ni mwoga sana.

Asili na maumbile

Wenyeji wa milima ya Andes, Amerika Kusini, walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na baadaye akaenea Afrika. Aliyekomaa ana uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, hukimbia siku hiyohiyo, na wanaweza kuanza kuzoea harufu ya mtu mapema.

Sababu za uoga

Dende hana pembe wala makucha ya kujitetea. Porini mababu zake waliwindwa na ndege, mbweha na nyoka, na kinga yao ilikuwa kukimbia au kuganda. Ndiyo maana mkono unaoshuka kutoka juu humtisha kama mwewe. Dende aliyeganda mkononi hajatulia, amejaa hofu. Hapo ndipo wengi hukosea.

Malezi nayo huchangia. Katika Kivu dende wengi huachwa wazunguke jikoni wakiokota majani na maganda, na mkono wa mtu huwafikia siku ya kuuzwa au kuchinjwa tu. Mnyama aliyelelewa hivyo ana kila sababu ya kukimbia.

Namna ya kumzoesha

Dende huishi kwa kundi. Wawili huzoea watu upesi kuliko mmoja, kwa kuwa mwenye ujasiri humwongoza mwenzake. Katika nyumba za mbao za Goma kila kishindo hupenya ukutani, hivyo kizimba kiwekwe mbali na mlango na barabara wanakopita wenye pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo). Ndani yake pawe na maficho: katoni yenye matundu mawili yatosha, ili anayekimbia asizibiwe njia.

Siku chache za mwanzo aachwe bila kushikwa. Aletewe chakula saa zilezile, na mletaji aseme naye kwa sauti ya chini. Kisha mtu aketi sakafuni na kushika jani la matembele kwa ncha moja. Mara ya kwanza dende atalivuta na kukimbilia mafichoni, aachwe aende. Siku atakapokula papo hapo, aguswe taratibu begani au chini ya kidevu, si utosini.

Kumnyanyua kuna ufundi wake: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe makalio, kisha akumbatiwe kifuani. Dakika chache juu ya kitenge mapajani zatosha, naye arudishwe kabla hajaanza kuhangaika. Watoto wamshike wakiwa wameketi chini, maana akianguka huvunjika mifupa kwa urahisi. Kamwe asifukuzwe chumba kizima. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa miezi, na mfukuzo mmoja unaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Sauti na ishara

Mlio mrefu na mwembamba anaposikia majani yakiletwa ni wa kudai chakula. Kugonganisha meno ni onyo. Mruko wa ghafla, miguu yote hewani, ni furaha, na kulala amejinyoosha mbele ya mtu ni dalili nzuri ya kuaminiana.

Afya

Kama wa binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, hivyo majani mabichi ni ya kila siku. Majani ya viazi mviringo na parachichi ni sumu kwake. Moshi wa makala humdhuru mapafu. Aliyezoea akijificha ghafla na kuacha kula, ni mgonjwa na anahitaji daktari wa mifugo haraka. Mikono ioshwe, kwani huweza kuambukiza choa.

Hali ya sasa

Katika miaka ya 2010 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kiinjili barani Afrika cha Bukavu, walichunguza ufugaji wa dende huko Kivu ya Kusini, zaidi upande wa lishe na kipato. Wakazi wa Goma walihamishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na tena Mei 2021, na vita vya Januari 2025 vikaleta misukosuko mingine. Watu wanapokimbia hivyo, ng'ombe hawafichiki wala hawabebeki. Dende hubebwa kikapuni. Lakini kikapuni huingia upesi yule aliyezoea mkono. Kila familia inayomfuga na ianze kumzoesha mapema, wakati nyumba ina utulivu.