Dawa ya Vumbi, Moshi wa Kibarua

Mwaka 1902 Monaco ilikuwa haipumui kwa vumbi. Magari yalikwisha kuingia kwenye barabara za farasi, na kila yalipopita, maua ya bustani, nguo za kamba na mapafu ya matajiri vyote vilipata fungu lake. Daktari mmoja wa Uswisi, Ernest Guglielminetti, akaja na tiba: barabara ipakwe lami ya moto, ile iliyobaki viwandani makaa ya mawe yalipokamuliwa gesi. Vumbi likatulia, na Wafaransa wakambatiza Daktari Lami.

Barabara ilipona. Kibarua aliyeshika brashi hakupimwa na mtu.

Moshi wa lami hiyo ulimtulia usoni na mikononi, na jua lilipochomoza ngozi ikawaka kana kwamba imeunguzwa, macho yakawa mekundu na kutiririka machozi. Hayo ndiyo yaliyoonekana mapema. Mwaka 1915 huko Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipaka lami ya makaa masikio ya sungura, tena na tena kwa miezi, hadi saratani ikaota. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa London wakaitenga kutoka kwenye lami hiyo kemikali iitwayo benzopaireni, inayosababisha saratani.

Hata hivyo Ulaya iliendelea kuimwaga barabarani kwa miongo kadhaa. Kilichoipunguza zaidi, tuseme kweli, ni bei kuliko huruma: gesi asilia iliua viwanda vya gesi ya makaa, na lami ya petroli ikawa rahisi kupatikana.

Hii ya petroli ina sumu za aina hiyo kwa kiasi kidogo mno, lakini si maji ya kunywa. Hutandazwa ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na kadiri inavyochemshwa ndivyo inavyofuka, ikiwasha macho, pua na koo. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, waliokutana Lyon, waliuweka moshi wake kwa watengeneza barabara katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Ule wanaouvuta waezekaji wa paa za lami waliupa daraja zito zaidi. Kufikia hapo mitambo mipya mikubwa ya kutandaza lami huko Marekani ilikuwa ikifungwa feni za kuvuta moshi, tangu 1997, na Ulaya ilikuwa na lami inayotandazwa kwa joto pungufu.

Feni hizo hazimfikii anayeziba mashimo kwa pipa lililotelekwa juu ya kuni, akikoroga kwa mti huku upepo ukimgeuzia moshi.