Bingwa na Aliyenyimwa Zamu

Vijana barazani husema bingwa wa ndondi ni yule aliyewapiga wote. Haya, mtazame Jack Johnson, Mmarekani mweusi. Mabingwa weupe wa uzito wa juu waliomtangulia hawakukubali kulipigania taji na mtu mweusi. Yeye akamfuata Tommy Burns mpaka Sydney, Australia, akalitwaa mwaka 1908. Hapo tumpe haki yake.

Lakini alikuwapo Sam Langford, mweusi mwenzake, mzaliwa wa Kanada. Walikwisha kupigana mwaka 1906, Johnson akashinda kwa pointi katika raundi 15. Langford wakati ule alikuwa kijana mwepisi. Baadaye akaongezeka uzito na nguvu, akalitaka taji. Johnson alikaa nalo mpaka 1915, wala hakumpa zamu. Fedha zilikuwa katika kupigana na weupe. Huo ni udhuru wa mfanya biashara! Mlango aliofungiwa yeye, akamfungia mwenzake.

Ukiniuliza nani hakuwakwepa wakali wa zama zake, nitakutajia Muhammad Ali: Frazier mara tatu, Norton mara tatu, na Foreman kule Kinshasa, 1974. Langford alifariki mwaka 1956, kipofu, na taji lile hakulipigania hata mara moja.