Miwani Ndani ya Bahasha: Wapenzi wa Muziki Walivyoitunza Habari ya Buddy Holly

Leo tunaendelea na somo la historia. Wako watu wanaofikiri kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Leo tutazungumza juu ya kijana mmoja mpiga gitaa, na juu ya watu wa kawaida waliozikusanya habari zake baada ya kufa kwake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni majina haya matatu: Buddy Holly, Lubbock, Clear Lake. La kwanza ni jina la mtu. Mawili yaliyobaki ni majina ya miji, na yote miwili imo katika nchi ya Marekani.

Buddy Holly alizaliwa tarehe 7 Septemba 1936 katika mji wa Lubbock, jimbo la Texas. Jina la ukoo wake hasa lilikuwa Holley, lenye herufi e kabla ya y. Mwaka 1956 alipata mkataba na kampuni moja ya santuri, na katika mkataba huo jina lake likaandikwa bila ile e. Naye akaliacha hivyo hivyo. Ninyi mnaojifunza kuandika, angalieni jambo hilo: herufi moja iliyosahauliwa katika karatasi, na dunia nzima ikamjua mtu kwa jina ambalo si la baba yake.

Muziki wake uliitwa roki. Ulitokea Marekani katika miaka ya 1950, ukachanganya muziki wa watu weusi na ule wa wazungu wa mashambani, kwa gitaa la umeme na ngoma. Yeye na wenzake walijiita Crickets, maana yake nyenje, wale wadudu wanaolia usiku. Mwaka 1957 walinasa wimbo uitwao "That'll Be the Day" katika chumba cha kunasia sauti cha Bwana Norman Petty, mjini Clovis, jimbo la New Mexico. Kufika mwezi wa Septemba mwaka ule, hakuna santuri iliyouzwa kuipita. Mwezi wa Machi 1958 walikwenda Uingereza, wakapiga muziki mji hata mji. Kijana huyo alikuwa mwembamba, mwenye miwani mikubwa myeusi, naye nyimbo zake nyingi alizitunga mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1958 aliachana na wenzake na Bwana Petty, akahamia New York pamoja na mkewe, Maria Elena. Fedha zikawa haba. Kwa hiyo, majira ya baridi yalipofika, alikubali safari ya kupiga muziki katika miji ya kaskazini. Walisafiri kwa mabasi mabovu yaliyoharibika njiani mara kwa mara. Baridi ilikuwa kali hata mpiga ngoma wao akaumia miguu kwa baridi, akalazwa hospitali. Tarehe 2 Februari 1959 walipiga katika ukumbi wa Surf, mjini Clear Lake, jimbo la Iowa. Holly alikuwa amechoka na basi, akakodi ndege ndogo. Ikaondoka baada ya saa sita za usiku, haikufika mbali, ikaanguka shambani penye theluji. Walikufa wote wanne: Holly, umri wake miaka 22, Ritchie Valens, miaka 17, J. P. Richardson, miaka 28. Na rubani Roger Peterson, miaka 21.

Hapo ndipo somo letu hasa linapoanza. Mtu amekufa, je, ni nini kilichobaki?

Kwanza zilibaki kanda. Pale New York, katika nyumba aliyopanga, Holly alikuwa na mashine ya kunasia sauti. Kati ya Desemba 1958 na Januari 1959 aliitumia kunasa nyimbo mpya sita alizozitunga, na nyingine za watu wengine. Hakuwa na bendi. Alikaa nyumbani na gitaa lake, akaimba peke yake. Nyimbo hizo hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa kama nyumba iliyosimamishwa kuta lakini haijaezekwa.

Kampuni ya santuri ilitaka kuziuza. Basi mwaka 1959 na 1960 ikaajiri wanamuziki na waitikiaji, wakapiga na kuimba juu ya sauti ya marehemu. Miaka michache baadaye Bwana Petty naye, kwa kukubaliana na wazazi wa Holly, alizichukua kanda zilizobaki akaongeza bendi nyingine juu yake. Santuri zikaendelea kutoka mpaka mwaka 1969, miaka kumi baada ya mazishi. Watu wakanunua, wakafurahi. Lakini wengine walisikiliza wakauliza: Hapa Holly mwenyewe yuko wapi? Gitaa hili ni lake, au la mtu ambaye hakupata kumwona?

Tusiilaumu kampuni kupita kiasi. Mtu akitengeneza kazi isiyokwisha hafanyi dhambi, na wazazi walikuwa na haki ya kutaka nyimbo za mtoto wao zisikike. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuuza zilizoongezwa na kuziacha za asili zikae kabatini. Msikilizaji hakupewa nafasi ya kulinganisha.

Waliouliza maswali hayo walikuwa watu wa Marekani na Uingereza, wengi wao wakiwa na kazi nyingine za kila siku. Waliandikiana barua. Walibadilishana nakala za kanda, nyingine zikipita mkono kwa mkono kwa siri kwa kuwa hazikuwa na ruhusa. Waliandika orodha: wimbo gani ulinaswa lini, wapi, nani alipiga ngoma. Mmoja wao, John Goldrosen, alikwenda kuwauliza wale waliomjua Holly, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha maisha yake. Mwingine, Bill Griggs, alianzisha Chama cha Kumbukumbu ya Buddy Holly, akatoa jarida lake, halafu akahamia Lubbock kabisa. Methali yetu ya kufuata nyuki ule asali ingemfaa bwana huyo.

Mwaka 1978 ilitoka filamu ya maisha ya Holly. Ilipendwa sana. Lakini wapenzi wake walipoitazama waliona kuwa wale wenzake wa Crickets wamepewa majina mengine, na Bwana Petty hayumo kabisa! Mtu asiyejua angetoka sinema akidhani amesoma historia. Paul McCartney, mwanamuziki wa Uingereza aliyekuwa mmoja wa kundi la Beatles, naye hakuridhika. Mwaka 1985 akatengeneza filamu nyingine, ambamo waliomjua Holly wanazungumza wenyewe.

Na huyo McCartney alikuwa na sababu yake. Mwaka 1958, akiwa kijana mjini Liverpool, yeye na rafiki zake walichanga fedha wakanasa santuri moja tu katika nyumba ya mtu mwenye mashine. Upande mmoja waliimba "That'll Be the Day" ya Holly. Nakala ni moja, wenyewe watano. Wakakubaliana ipokezane, kila mtu akae nayo kwa zamu. Ikamfikia mpiga piano wao, John Lowe, ikakaa kwake zaidi ya miaka ishirini. Wakati huo wenzake watatu walikuwa wamekwisha kuwa Beatles, watu mashuhuri wa dunia. Mwaka 1981 McCartney aliinunua kutoka kwa Lowe, na mwaka 1995 watu wote wakaweza kuusikia wimbo ule. Kama Lowe angeitupa pamoja na takataka za nyumba, tusingekuwa na ushahidi huo kwamba vijana wale walijifunza kwa Holly.

Sasa turudi Iowa, kwenye lile shamba. Theluji ilipoyeyuka mwaka 1959, miwani ya Holly iliokotwa, ikapelekwa kwa wakuu wa wilaya mjini Mason City, ikatiwa ndani ya bahasha. Bahasha ikawekwa pamoja na makaratasi katika jengo la mahakama, ikasahauliwa kwa muda wa miaka 21. Mwaka 1980 mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa akitafuta mambo mengine, akaikuta. Wazazi waliitaka, na mjane aliitaka. Shauri likaamuliwa, akapewa mjane. Leo miwani hiyo imo katika nyumba ya makumbusho ya Buddy Holly iliyofunguliwa Lubbock mwaka 1999. Vitu vingine vilikwenda kwa wenye fedha: mwaka 1990 gitaa lake moja liliuzwa mnadani kwa dola 242,000, na aliyelinunua ni Gary Busey, yule yule aliyeigiza kama Holly katika ile filamu ya 1978.

Shamba hilo hilo lilizaa uvumi pia. Bastola ya Holly iliokotwa pale, na watu wakaanza kunong'ona kwamba risasi ilipigwa ndani ya ndege. Wengine walisema Richardson hakufa palepale, bali alijikokota kutafuta msaada, maana maiti yake ilikutwa mbali na nyingine. Kwa karibu miaka hamsini maneno hayo yaliwasumbua jamaa zake. Mwaka 2007 mwanawe, ambaye hakuwa amezaliwa baba yake alipokufa, alitaka maiti ifukuliwe. Mtaalamu wa mifupa, Daktari Bill Bass, akaichunguza. Hakuona jeraha la risasi. Mifupa ilikuwa imevunjika vibaya hata haikuwezekana mtu huyo kutembea hatua moja. Wako pia wanaosema kuwa ndege ile iliitwa "American Pie", kama wimbo wa Don McLean wa mwaka 1971. Ndege haikuwa na jina lo lote. Ilikuwa na namba tu.

Watu bado huenda shambani pale. Mwaka 1988 mpenzi mmoja wa muziki, Ken Paquette, alisimamisha gitaa na santuri tatu za chuma mahali ndege ilipoangukia, na wageni huacha hapo sarafu na miwani. Tangu mwaka 1979 hukutana kila mwaka katika ukumbi wa Surf.

Na zile kanda za New York? Mwaka 2009, miaka hamsini baada ya ajali, zilitolewa rasmi bila kuongezwa kitu. Ukizisikiliza unasikia sauti moja na gitaa moja. Mahali pengine anazungumza na mkewe, maneno ya kawaida ya nyumbani, kisha anarudia wimbo.

Mwalimu, hapa zima redio, darasa lizungumze. Kila mmoja ataje kitu kimoja kilichomo nyumbani kwake kilichokuwa cha mtu aliyekwisha kufa, na aseme ni nani anayeijua habari yake. Halafu aiandike habari hiyo kwa mistari mitano, pamoja na jina na mwaka.