Komamanga: Tunda la mapishi mengi, dawa ya kutahadhari

ROMBO, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, husifika kwa nyanya na vitunguu vinavyokuzwa kwa maji ya chemchemi za Mlima Kilimanjaro. Komamanga si zao la jadi la eneo hilo. Hata hivyo, mkomamanga ni mti wa nchi kame. Hustahimili jua kali na udongo wenye chumvi kiasi, mradi maji yasituame kwenye mizizi. Kwa hivyo, udongo wa volkano wa Rombo huufaa kuliko ule mweusi wa Kitengela, unaogeuka tope mvua inyeshapo.

Asili ya mti huu ni eneo la kuanzia Iran hadi kaskazini mwa India. Jina la tunda linaonyesha lilikopitia kabla ya kufika pwani yetu: Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa Omani, kama ilivyo katika pilipili manga. (Lisichanganywe na kungumanga, ambayo ni kiungo cha halua.) Huko Omani, makomamanga ya matuta ya Jabal al Akhdar yangali yanasifiwa.

Kinacholiwa ni punje nyekundu pamoja na mbegu zake. Njia rahisi ya kuzitoa ni kukata kilele cha tunda, kuchanja ganda kufuata migawanyo yake, kisha kulifungulia ndani ya bakuli la maji. Punje huzama, utando mchungu huelea. Mpishi avae aproni, kwani doa la komamanga halitoki upesi.

Punje hunyunyizwa juu ya kachumbari, wali au mtindi. Wahindi huzikausha na kuzisaga ziwe kiungo cha kutia ukali katika mchuzi, mahali ambapo mpishi wa pwani angetumia ukwaju. Wairani hupika kuku kwa maji mazito ya komamanga na jozi zilizosagwa, mchuzi uitwao fesenjan. Nyama choma ya Kajiado nayo hailalamiki ikipakwa maji hayo yaliyochemshwa hadi yakawa kama asali.

Gramu 100 za punje zina takriban kalori 83, gramu 4 za nyuzinyuzi, miligramu 10 za vitamini C na miligramu 236 za potasiamu. Zina pia sukari ipatayo gramu 14. Mgonjwa wa kisukari anafaa kula punje zenyewe kwa kiasi, kwani juisi iliyochujwa hupoteza nyuzinyuzi na kubaki na sukari.

Uchambuzi wa majaribio manane uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa juisi ya komamanga hupunguza shinikizo la damu kidogo. Hicho si kibali cha kuacha vidonge. Nchini Marekani, mamlaka ya kulinda wateja iliishtaki kampuni ya POM Wonderful mwaka wa 2010 kwa kutangaza kuwa juisi yake hutibu au kuzuia maradhi ya moyo na saratani ya tezi dume. Mwaka wa 2015, mahakama ya rufaa iliafiki kwamba matangazo mengi kati ya hayo yalipotosha.

Hatari kubwa zaidi imo katika gome la mzizi. Tangu kale limechemshwa kuwa dawa ya tegu, kama Wamaasai wanavyotumia olmukutan. Gome hilo lina kemikali iitwayo peletierini, ambayo huua minyoo lakini ikizidi humdhuru mnywaji, hata macho yake. Kwa vile hakuna anayeweza kukadiria kipimo chake kwa kikombe, anayeshuku ana tegu aende kliniki apewe dawa inayolingana na uzani wake. Mama mjamzito asiliguse kabisa.

Sokoni, chagua tunda zito lenye ganda gumu. Komamanga haliivi likishachumwa, kwa hivyo lililochumwa changa halitapata utamu hata likiwekwa wiki nzima. Lililoiva hukaa kwenye friji kwa wiki kadhaa. Ganda hunyauka, ndani hubaki na maji.