Mchezo wa Haki au Mchezo wa Kiungwana?

Watoto wanaocheza kandanda vichochoroni Timbwani, kule Likoni, hawajawahi kukosa sheria. Kiwanja hakina mistari, goli ni mawe mawili au ndara mbili, lakini kila mmoja anajua kwamba kona tatu ni penalti, kwamba mpira uliopita juu ya kichwa cha kipa si bao, na kwamba mwenye mpira akiitwa nyumbani mechi imekwisha. Na wakianza kuzozana, neno linalopaa kuliko yote ni moja: "Hiyo si haki!"

Wasiwasi wangu unaanzia kwenye neno hilo, kwa sababu ndilo tunalolitumia kufasiri istilahi ya Kiingereza "fair play". Magazetini na redioni ni mchezo wa haki. Kwenye kanuni za mashindano ya watoto, yawe ya likizo ya Agosti au ya usiku wa Ramadhani, utaona agizo kwamba timu zote zizingatie mchezo wa haki. Mzazi akilisoma, anaelewa kwamba waamuzi wasipendelee upande. Mtoto anaelewa kwamba akionewa ana ruhusa ya kulalamika. Aliyeandika alikusudia jambo jingine kabisa: kwamba mtoto ajizuie mwenyewe, hata refa asipomwona.

Tatizo si letu peke yetu. Istilahi yenyewe ya Kiingereza imebeba mizigo miwili isiyofanana, na wenyewe hawaitenganishi.

Mzigo wa kwanza unahesabika. Tarehe 28 Juni 2018, katika Kombe la Dunia kule Urusi, Senegal na Japani zilimaliza mechi za kundi zikiwa sawa kwa kila kitu: alama 4, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na zenyewe zilipokutana zilitoka 2-2. Zikahesabiwa kadi. Senegal ilikuwa na 6 za manjano, Japani 4. Senegal ikarudi nyumbani, timu ya kwanza kuwahi kutolewa Kombe la Dunia kwa kipimo ambacho FIFA inakiita "fair play". Wengi wetu tulisononeka, na si kwa sababu ya Uafrika tu. Siku hiyohiyo Japani ilikuwa nyuma kwa bao moja mbele ya Poland, na ilipopata habari kwamba Senegal nayo imefungwa na Kolombia, ilitumia dakika za mwisho kupigiana pasi fupifupi nyuma bila hata kujaribu kusawazisha, ikichunga kadi zake. Uwanja mzima wa Volgograd ulizomea. Kwa hesabu ya FIFA, hao ndio waliocheza vizuri zaidi.

Hebu sasa jaribu kuliita tukio hilo "ushindi wa mchezo wa haki". Ulimi wenyewe unakataa. Kilichopimwa pale ni nidhamu, yaani kadi ngapi umeonyeshwa, na Kiswahili kina neno lake tayari: alama za nidhamu. Kadi ya manjano inakukata alama 1, nyekundu ya moja kwa moja alama 4. Hesabu ya namna hiyo haihitaji jina lenye heshima kubwa kuliko hilo.

Mzigo wa pili hauhesabiki, na mfano wake mzuri wanaujua hata watoto waliozaliwa baada ya tukio, kwa vile Arsenal ina wafuasi kila pembe ya Likoni. Februari 13, 1999, Arsenal ilikuwa ikicheza na Sheffield United katika Kombe la FA. Mchezaji mmoja wa Sheffield aliumia, kipa wao akautoa mpira nje kwa makusudi ili atibiwe. Ray Parlour wa Arsenal alipourusha ndani alikusudia kuwarudishia wenyewe, kama ilivyo desturi. Nwankwo Kanu, Mnigeria aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuichezea klabu hiyo, akaukimbilia, akampasia Marc Overmars, na Overmars akafunga. Likawa bao la pili, 2-1. Sheffield walikasirika nusura watoke uwanjani. Refa hakuwa na la kufanya: hakuna sheria iliyovunjwa, bao likasimama. Mechi ilipokwisha, Arsène Wenger, kocha wa walioshinda, alijitolea irudiwe. Ikarudiwa siku kumi baadaye, Arsenal ikashinda tena 2-1.

Ukitumia neno haki hapa, Kanu alikuwa na haki. Mpira ulikuwa mchezoni, naye hakuwa ameotea. Wenger naye alikuwa na haki ya kuondoka na ushindi wake akalale. Alichokifanya ni kuiacha haki hiyo mezani. Hapo ndipo tafsiri yetu inapokwama: haki ni kitu ninachokidai kwa mwingine, na aghalabu nikiwa nimekunja uso. "Fair play" ya namna hii ni kitu ninachompa mwingine bila yeye kuwa na uwezo wa kunidai.

Wapo wanaopendekeza uanamichezo. Neno lina sura nzuri, ila halisemi kitu: kila achezaye ni mwanamichezo, pamoja na yule anayemng'ata mwenzake begani. "Moyo wa kimichezo", wanaoupenda sana watangazaji, una nguvu zaidi, lakini mara nyingi unasemwa kwa aliyeshindwa, pamoja na ile methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani. Huo ni upande mmoja tu. Wenger alikuwa ameshinda.

Mimi nasimama na uungwana. Nalisimamia neno hili nikijua historia yake si safi. Katika miji ya pwani ya zamani muungwana alikuwa mtu huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Tabia njema ilihesabiwa kuwa mali ya tabaka, aliyezaliwa nje yake hakutarajiwa kuwa nayo. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii yetu mwaka 1907, na neno lenyewe lilikwisha kuanza kuhama kabla ya hapo. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wengi wao wakiwa watumwa au wana wa watumwa, walijiita waungwana walipofika bara, na Kiswahili walichokiacha mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana. Leo msemaji yeyote jukwaani anawaita wote waliokaa mbele yake waungwana, asiulize baba zao ni nani. Na wahenga walikwisha kulitoa neno kwenye nasaba waliposema uungwana ni vitendo. Neno lililopita njia hiyo linafaa uwanja wa watoto kuliko neno jipya lililoundwa ofisini.

Katika ulimwengu wa lakrosi, mchezo wa fimbo zenye kikapu cha wavu, upo mfano unaonishawishi kuliko hata ule wa Arsenal. Mchezo huo ulianzishwa na wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee. Michezo ya Dunia ya Birmingham, Alabama, ilipoandaliwa, timu ya Wahaudenosaunee iliachwa nje kwa hoja za uraia na kamati za Olimpiki, ingawa ilikuwa ya tatu duniani mwaka 2018. Lawama zilipozidi, mlango ulifunguliwa, lakini nafasi nane zilikuwa zimejaa. Septemba 2020 Ayalandi ikajitoa kwa hiari ili wenye mchezo wao waingie. Hakuna kadi ya kupima hilo, wala kifungu cha kanuni kinacholiamrisha.

Mpaka kati ya sheria na uungwana haukai mahali pamoja, na mtunga istilahi lazima aliangalie hili. Zamani mwamuzi akisimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, aliudondosha mpira kati ya timu mbili, na kuwarudishia wenyewe ilikuwa hiari ya mpinzani. Juni 2019 sheria ilibadilishwa, ikasema mpira apewe mchezaji wa timu iliyougusa mwisho. Uungwana umeandikwa ukawa sheria. Sioni ubaya, ingawa nadhani kitu fulani kimepotea pale mtoto anapofanya kwa amri alichokuwa akifanya kwa kupenda.

Kwa hiyo nawapenda wanaoacha nafasi ya hiari. Chama cha michezo ya vijana cha Mathare, Nairobi (MYSA), kilichoanzishwa mwaka 1987, kimekuwa na kadi ya kijani ambayo refa humwonyesha aliyecheza kiungwana. Upo pia mtindo wa soka uliotokana na kazi iliyoanzia Medellín, Kolombia, katika miaka ya 1990, baada ya beki Andrés Escobar kupigwa risasi siku chache tangu alipojifunga kwenye Kombe la Dunia la 1994. Mechi ya mtindo huo ina vipindi vitatu. Katika cha kwanza timu zinakaa na kukubaliana kanuni, katika cha pili zinacheza bila refa, na katika cha tatu zinakaa tena na kupeana alama kwa jinsi kila upande ulivyotendea wenzake. Watoto wa vichochoroni wanakijua kipindi cha kwanza kwa kuzaliwa. Ile kona tatu penalti hawakuipata FIFA. Kinachowapungukia ni kipindi cha tatu.

Wadi inayopakana na Timbwani inaitwa Shika Adabu, na kwa kweli jina hilo pekee lingetosha kuwa kifungu cha kwanza cha ligi yoyote ya watoto Likoni. Mpaka hapo, ombi langu ni kwa walimu wa timu na waandaaji wa vikombe vya mitaa. Mnapoandika kanuni za Agosti, kadi ziiteni alama za nidhamu. Neno haki mwachieni refa, kwa maana yeye ndiye anayedaiwa. Na kile mnachokitaka kwa mtoto mwenyewe, kiandikeni mchezo wa kiungwana, kisha tengeni dakika kumi baada ya filimbi ya mwisho timu mbili zikae chini zielezane nani aliucheza.