Farasi wa Nasaba Mbele ya Mbung'o

Ndugu msikilizaji, ukishika njia ya Mikumi kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kulia, utapita katika kijiji cha Mkula. Utaona mpunga, utaona miwa, utaona reli ya TAZARA na baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka mwendeshaji hauonekani mgongo wake. Farasi hutamwona. Na bado bonde lile la Kilombero ni tambarare, lina nyasi na lina maji. Kwa macho ya mgeni asiyejua mambo, hayo ni malisho ya farasi kabisa. Katika mazungumzo ya juma hili tujiulize kwa nini farasi hakufika huko, na tujiulize pia ni nani aliyeubeba mzigo ambao kwingineko duniani ulibebwa na farasi.

Si kwamba nchi zetu hazikumjua mnyama huyu. Pwani ilimjua zamani, naye alikuwa mnyama wa wakubwa. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Oman, alikuwa na mabanda ya farasi wa Kiarabu ambao nasaba yao ilihifadhiwa kama nasaba ya watu. Mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York. Miongoni mwa zawadi ilizomchukulia Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria za Marekani hazikumruhusu Rais kuzipokea zawadi zile ziwe mali yake, na farasi wale wakauzwa kwa niaba ya serikali.

Zawadi ile haikuwa ndogo. Damu ya farasi wa nchi za Waarabu na Waturuki ndiyo iliyotengeneza farasi wa mbio wa Uingereza. Kwa upande wa baba, farasi wote wa mbio wa nasaba hiyo duniani wanarudi kwa madume matatu tu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, nchini Syria, akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Tangu mwaka 1791 Waingereza wakawa na daftari lililochapwa la ukoo wa farasi wao. Dume la mbegu likawa na thamani kuliko shamba.

Sasa tumvushe farasi huyo bahari, tumtie njia ya bara. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili. Mmoja alipewa na Seyyid Barghash, wa pili na mfanyabiashara wa Kimarekani. Walipofika Kingaru, safari ikiwa bado changa, farasi wa Sultani akafa. Stanley akaamuru apasuliwe, na tumboni wakakutwa minyoo tele. Mzoga ukazikwa karibu na kambi, na mkuu wa pale akadai alipwe kwa kuwa ardhi yake imezikiwa mnyama bila idhini. Kabla madai hayajapoa, farasi wa pili naye akafa.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1866, Livingstone mwenyewe alipita Mikindani kuelekea mto Ruvuma. Alikuwa na ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa kutoka India na ndama wao, nyumbu wawili (tunasema wale wazaliwao na punda na farasi, siyo nyumbu wa mbugani), na punda wanne. Alitaka kujua ni mnyama yupi atakayestahimili mbung'o. Walikwisha mmoja baada ya mwingine, ingawa yeye aliwalaumu pia askari wake kwa kuwatesa.

Adui alikuwa nani? Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce alikiona katika damu ya wanyama wagonjwa kijidudu kinachoogelea kama mkunga, akathibitisha kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Ndio ugonjwa wa nagana, ndugu yake malale ya binadamu. Farasi akiupata hupandwa na homa, damu yake hupungua, miguu na tumbo huvimba. Kwa farasi dume uvimbe hushuka hata katika sehemu zake za uzazi, na farasi jike mwenye mimba huweza kuiharibu. Tena yupo kijidudu wa jamaa hiyo hiyo asiyehitaji mbung'o hata kidogo: huambukizwa kwa kupandana, dume moja likauangamiza ukoo lililoletwa kuustawisha.

Mbali na nagana kuna tauni ya farasi ya Afrika. Hiyo huletwa na virusi, na mchukuzi wake ni usubi, mdogo kuliko mbu. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na farasi aliyekula vizuri asubuhi huweza kuwa maiti jioni. Pasipo chanjo, farasi wageni hufa wengi kuliko wanaopona. Lakini punda milia huwa na virusi hivyo mwilini bila hata kukohoa. Mwaka 1987 punda milia walioletwa Hispania kutoka Namibia waliupeleka ugonjwa huo mpaka Ulaya.

Hapo ndugu msikilizaji ndipo penye fundisho. Nasaba ya farasi ilikuwa sifa ya mbio, umbo na uzuri, iliyochaguliwa na watu katika nchi isiyo na mbung'o. Punda milia hakuandikwa katika daftari la mtu yeyote, lakini vizazi vyake vyote vilichujwa na maradhi ya hapa. Wazungu wenyewe waliliona hilo. Katika miaka ya 1890, huko Scotland, Profesa James Cossar Ewart alimtumia punda milia dume aitwaye Matopo kuwapanda farasi jike, akitumaini pamoja na mengine kupata mnyama wa kazi wa kustahimili Afrika. Wajerumani nao walijaribu kuwafuga punda milia karibu na Kilimanjaro. Watoto wa mchanganyiko walizaliwa, lakini hawakugeuka kuwa mnyama wa kazi wa nchi hii.

Farasi akabaki nyanda za juu zenye baridi. Nairobi ikawa na mbio zake tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na uwanja wa Ngong ukafunguliwa mwaka 1954. Hata huko mwenye farasi wa thamani hakai bila chanjo.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia nchi hii kupigana na Wajerumani, akiwa na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba mwaka ule, kwa hesabu zilizoandikwa na wanahistoria wa vita hivyo, walikufa farasi 10,000, nyumbu 10,000, ng'ombe wa kukokota 11,000 na punda 2,500. Hiyo ni miezi miwili tu.

Mzigo hauwezi kubaki njiani kwa sababu farasi amekufa. Risasi, unga na majeruhi vilihamia vichwani na mabegani mwa watu. Waingereza peke yao, katika vita vyote vya Afrika Mashariki, waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kufika 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Mwaka 1917 moto huo uliingia bonde la Kilombero, mpaka majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoitwaa Mahenge tarehe 9 Oktoba. Wenyeji walichukuliwa wanaume, wakachukuliwa na chakula.

Wewe unayesikiliza ukiwa Dar es Salaam, ukienda sokoni Kariakoo kumbuka kwamba jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Nairobi nako wana Kariokor yao. Farasi waliokufa waliandikwa kwa idadi, tena kwa makini, kwa sababu walinunuliwa. Wapagazi wengi hata makaburi yao hayajulikani.

Bonde la Kilombero likaja kuruka kutoka kichwa cha mpagazi na mtumbwi hadi kwenye lori na behewa la TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, bila kupitia mgongo wa farasi. Na mji wa Ifakara, ambao majeshi yaliupitia yakiugua, ukapata maabara ya utafiti wa maradhi mwaka 1957, iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa kazi yake juu ya malaria.

Mbung'o je, ameshindikana? Hapana. Huko Unguja alikomeshwa, tena kwa kutumia dume. Madume ya mbung'o yalikuzwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, kisha zaidi ya milioni nane yakamwagwa kutoka kwenye ndege. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho kunaswa kisiwani alipatikana mwaka 1996.

Sisi tusiofuga farasi tunalo la kuchukua. Kila mara husikia kwamba tumeagiza ng'ombe dume bora, au mbuzi wa maziwa wa nasaba ya nje, na watu hupiga makofi mnyama anaposhushwa. Ni vizuri. Lakini tuulize kabla ya makofi: josho lipo? Chanjo ipo? Mganga wa mifugo anafika kijijini, au anaishia wilayani? Seyyid Barghash alitoa farasi mzuri kuliko wote, naye hakuvuka Kingaru. Na mnyama akifa, gharama yake humrudia mtu yule yule: mkulima aliyekopa kumnunua, na mkewe atakayebeba kichwani kilichokuwa kibebwe na mnyama.

Kwaherini mpaka juma lijalo.